Lishe ya siku 1,000 za kwanza: mwongozo kamili wa kumkinga mtoto na unene uliopitiliza

Mtoto anayezaliwa mzima na kwa wakati wake huja duniani akijua kushiba. Akipata maziwa ya kumtosha huacha kunyonya, hugeuza uso, hulegeza vidole na kusinzia. Hakuna aliyemfundisha. Kazi kubwa ya mzazi katika miaka miwili ya mwanzo ni kuulinda ujuzi huo, kwa sababu unene mwingi wa utotoni huanza pale unapovurugwa: chupa inayomaliziwa kwa lazima, kijiko kinachosukumwa wakati mtoto amefumba mdomo, kinywaji cha sukari kinachotolewa ili anyamaze. Wanaofanya hivyo ni watu wanaompenda mtoto huyo kuliko kitu kingine chochote, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2024 watoto milioni 35 walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi. Si kila mtoto mnene atakuwa mtu mzima mnene. Lakini unene unaomfuata mtoto hadi shuleni ni mgumu kuondoka, na huja na shinikizo la damu, kisukari cha aina ya 2, mafuta kwenye ini, pamoja na dhihaka za wenzake ambazo huumiza kuliko maradhi mengi.

Siku 1,000 wanazozitaja wataalamu wa lishe ni takriban siku 270 za ujauzito na siku 730 za miaka miwili ya kwanza. Katika muda huo kongosho hujifunza kiasi cha kutoa cha insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, ubongo hupanga mambo ya njaa na shibe, seli za mafuta huongezeka, na ulimi huzoea ladha utakazozitafuta baadaye. Ndiyo maana tunaanza kabla mtoto hajazaliwa.

Hatua ya kwanza: ujauzito

Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, chakula kilikatika magharibi mwa Uholanzi na mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Vijana wa kiume waliokuwa tumboni wakati ule walikuja kupimwa walipofika miaka 19, walipoitwa jeshini. Wale ambao mama zao walipigwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikutwa na unene uliopitiliza zaidi ya wenzao. Wale ambao njaa iliwakuta mwishoni mwa ujauzito, unene kwao ulikuwa haba. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba lishe ya mama huishia kwa mama.

Kupitiliza nako kuna madhara yake. Sukari iliyo kwenye damu ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mama mwenye kisukari cha ujauzito kisichodhibitiwa hummiminia mtoto sukari nyingi, na kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini yake nyingi kuikabili. Insulini ni homoni inayokuza mwili na kuweka mafuta. Matokeo yake ni mtoto anayezaliwa mkubwa, mara nyingi kilo 4 na kuendelea, akiwa tayari na mafuta mengi na hatari kubwa zaidi ya unene huko mbele.

Kwa hiyo fanya haya. Hudhuria kliniki mapema, upimwe uzito na urefu ili ujulikane ulianzia wapi. Omba kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mapema zaidi kama uliwahi kuwa na kisukari cha ujauzito au una uzito uliozidi. Ukikutwa nacho usikate tamaa, kwani kikidhibitiwa vizuri mtoto hupungukiwa sana na hatari hiyo.

Kuhusu kiasi cha chakula, ule usemi wa kula kwa ajili ya watu wawili umewapotosha wengi. Miezi mitatu ya kwanza mjamzito hahitaji chakula cha ziada. Miezi mitatu ya katikati huhitaji takriban kalori 340 zaidi kwa siku, na mitatu ya mwisho takriban 450. Hicho ni chakula cha ziada cha mlo mmoja mdogo. Mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 2009, ambayo hutumika katika nchi nyingi, yanasema mama mwenye mimba ya mtoto mmoja aliyeanza na uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16, aliyeanza akiwa mwembamba sana kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, na mwenye unene uliopitiliza kilo 5 hadi 9. Ujauzito si wakati wa kujinyima ili kupungua. Na kama unavuta sigara, acha: mtoto wa mama mvutaji mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo, kisha huwa katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa akiwa mtoto.

Hatua ya pili: kunyonyesha, na kuamini kwamba maziwa yanatosha

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, kisha maziwa ya mama peke yake, hata maji yasiongezwe, hadi atimize miezi 6. Siku ya kwanza hupata mililita chache tu kila anaponyonya, na zinamtosha. Katika siku chache za mwanzo hupungua uzito. Kupungua hadi asilimia 7 au hata 10 si ajabu ilimradi afya yake inafuatiliwa, na kwa kawaida uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki mbili hivi. Familia nyingi huingia kwenye chupa katika siku hizi kwa hofu tu, wakati kilichohitajika ni mtu wa kumsaidia mama amweke mtoto vizuri kwenye ziwa.

Kwa nini maziwa ya mama yana nafasi hii? Kwanza, mtoto ndiye anayeyavuta, na ziwa halina alama za mililita za kumhukumu nazo. Pili, yana protini kidogo, takriban gramu 1 kwa kila mililita 100, wakati ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachomfaa binadamu anayekua taratibu. Tatu, ladha ya vyakula anavyokula mama hupita kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto huanza kuzoea mboga kabla hajaonja kijiko.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Tafiti nyingi zinaonyesha watoto walionyonya hunenepa kidogo kuliko wenzao, lakini sehemu ya tofauti hiyo hutokana na maisha ya familia zenyewe. Katika jaribio kubwa lililoanza Belarusi mwaka 1996 na kuhusisha mama na watoto zaidi ya 17,000, kuongeza unyonyeshaji hakukupunguza unene wa watoto walipofika umri wa miaka 11 na nusu. Kunyonyesha kuna faida nyingine nyingi zisizopingika, likiwemo la kumkinga mtoto na kuhara na maambukizi. Ila anayenyonyesha asidhani kazi imekwisha, na asiyeweza kunyonyesha asidhani mtoto wake ameshapotea.

Kuna kipindi kimoja kinachohitaji moyo mgumu. Watoto wanaonyonya hukua kwa kasi miezi miwili au mitatu ya kwanza, halafu kasi hupungua. Mwezi wa nne uzito unaongezeka kidogo kuliko mwezi wa pili, na hapo ndipo maneno huanza: maziwa yamekwisha, mtoto ana njaa, mpe kitu kizito. Kama anakojoa vizuri, amechangamka na mstari wake kwenye kadi unaendelea kupanda sambamba na mistari iliyochapishwa, hajapungukiwa. Amefuata ramani ya kawaida ya ukuaji.

Jifunze pia kutofautisha vilio. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kuzungusha kichwa akitafuta, kupeleka ngumi mdomoni na kulamba midomo. Kulia huja mwishoni. Mtoto aliyechoka, mwenye nepi iliyolowa, anayetaka kubebwa au aliyechoshwa na kelele naye hulia. Anayenyamazishwa kwa maziwa kila anapolia hufundishwa mapema kwamba chakula ndicho dawa ya kila usumbufu. Jaribu kwanza kumbeba, kumbadilisha, kumtembeza. Akiendelea kutafuta ziwa, mpe.

Hatua ya tatu: kama mtoto anatumia chupa

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu makosa ya chupa ni mengi na karibu yote yanarekebishika.

Anza na kipimo. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo, kisawazishwe juu bila kushindiliwa, na kiasi cha maji kile kile kilichoandikwa. Maji yawe yamechemshwa na bado yana joto lisilopungua nyuzi 70 wakati wa kuchanganya ili kuua vijidudu, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Kijiko kimoja cha ziada ili ashibe zaidi humwongezea nguvu na protini asizozihitaji na huchosha figo zake. Kijiko kilichopungua ili kopo lidumu humletea utapiamlo. Usitie uji wala unga wa nafaka ndani ya chupa ili alale usiku. Hatalala zaidi kwa sababu hiyo, anachopata ni kalori tu.

Soma lebo. Utafiti ulioanza mwaka 2002 katika nchi tano za Ulaya, yaani Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Poland na Hispania, uliwagawa watoto wachanga katika makundi mawili: maziwa ya kopo yenye protini nyingi na yenye protini kidogo. Walipofika miaka 6, waliopewa yenye protini nyingi walikuwa na uwezekano wa unene uliopitiliza zaidi ya mara mbili. Protini ikizidi huamsha insulini na homoni za ukuaji, mtoto akaongezeka haraka kuliko anavyopaswa. Katika maziwa ya watoto wachanga tafuta yenye takriban gramu 1.8 hadi 2 za protini kwa kila kalori 100. Yale maziwa yanayouzwa kwa ajili ya watoto waliovuka miezi 6 au mwaka mmoja, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013 kwamba si ya lazima, na mengi huongezwa sukari.

Sasa unyweshaji wenyewe. Mpakate mtoto akiwa ameinuka kidogo, usimlaze chali. Chupa iwe karibu sambamba na sakafu, ili maziwa yajae chuchu bila kumwagika kooni. Gusa mdomo wake kwa chuchu, usubiri afungue mwenyewe. Baada ya kumeza mara kadhaa inamisha chupa apumzike. Dakika kumi za mwanzo huvuta kwa nguvu, vidole vikiwa vimekunjwa. Kisha vidole vinafunguka kimoja kimoja, anavuta mara mbili anaacha, macho yanahama kutoka usoni pako yakaenda dirishani. Chuchu inateleza hadi pembeni ya mdomo. Hapo amemaliza, hata kama zimebaki mililita 40. Mkono wa mlezi hapa hutaka kuitikisa chupa kidogo ili avute tena, naye kweli atavuta, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya chochote kinachogusa kaakaa lake. Huko kuvuta si njaa. Mwaga kilichobaki, na usimwekee kwa ajili ya baadaye kwa sababu maziwa yaliyokwisha kuguswa na mate hukuza vijidudu haraka.

Tumia chupa ndogo katika miezi ya mwanzo. Chupa kubwa humshawishi mtu mzima kujaza na kumalizia. Usimlaze na chupa mdomoni. Kuanzia miezi 6 mzoeshe kikombe, na akitimiza mwaka chupa ianze kuondoka, ili ikifika mwaka na nusu isiwepo tena.

Hatua ya nne: kulikiza, yaani kumwanzishia chakula pamoja na maziwa

Chakula cha nyongeza kianze mtoto anapotimiza miezi 6. Kabla ya miezi 4 ni mwiko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa chupa walioanzishiwa chakula kabla ya miezi 4 walikuwa na uwezekano wa unene uliopitiliza karibu mara sita walipofika miaka 3, wakilinganishwa na walioanzishiwa kati ya mwezi wa 4 na wa 5. Kuchelewesha kupita miezi 6 nako kunamwacha bila madini ya chuma na zinki. Mtoto aliye tayari hukaa akiegemezwa kidogo, kichwa chake kimesimama, na hakisukumi tena chakula nje kwa ulimi.

Kiasi ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa mtoto anayeendelea kunyonya, chakula kinatakiwa kumpa takriban kalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, takriban 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na takriban 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Anza na vijiko viwili au vitatu kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 ni milo 3 hadi 4, na kitafunwa kimoja au viwili kama anahitaji. Akifika mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo humtosha.

Ndani ya kiasi hicho kidogo kila kijiko kiwe na kazi. Weka kila siku chakula chenye madini ya chuma: nyama iliyosagwa, samaki aliyetolewa miiba, yai, jamii ya kunde. Ongeza mboga, matunda na nafaka. Usiogope mafuta. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayahitaji kwa ubongo wake, na kumpa maziwa yaliyoondolewa mafuta ni kosa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo, nusu lita kwa siku inatosha. Zaidi ya hiyo anashiba maziwa na kukataa chakula, mwisho wake ni upungufu wa damu. Asali isiguswe kabla ya mwaka kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali inayolegeza misuli. Chumvi usiongeze.

Mboga chungu zitangulie, tena zirudiwe. Mtoto akikunja uso hajasema hapana. Anasema ni kitu kipya. Mara nyingi huhitaji kuonja chakula kile kile mara 8 hadi 10, pengine zaidi, kabla ya kukikubali, na wazazi wengi huacha kwenye mara ya tatu. Mpe kijiko kimoja kila siku au kila baada ya siku mbili, bila kumsihi, bila kukifunika kwa utamu. Uji mlaini unaofanana kila siku nao haufundishi kitu. Ongeza ugumu, kutoka kilichopondwa hadi vipande laini anavyoshika mwenyewe ifikapo miezi 8 au 9, na vyakula vya mviringo au vigumu uvikate au uvipike sana ili visimkabe.

Kaa mkitazamana wakati wa kula. Leta kijiko mbele yake, si ndani ya mdomo wake, na usubiri aegemee mbele. Akigeuza uso, akafumba mdomo, akapiga kijiko kwa mkono au akaanza kucheza na chakula, ngoja kidogo, mpe mara moja tena, akikataa toa sahani. Mlo usivuke nusu saa. Kumshika kichwa, kumbana pua, kumwimbia huku mwingine akitumbukiza kijiko, kumwekea katuni ili ale bila kujua, vyote vinafanya kazi moja: vinamfundisha asisikilize tumbo lake.

Hatua ya tano: sukari na vinywaji

Sheria hapa ni fupi: hadi miaka 2, hakuna sukari ya kuongeza. Kinywaji ni maziwa, na maji safi kuanzia miezi 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu kulikiza unakataza vinywaji vyenye sukari kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na pia vile vyenye vitamu visivyo sukari.

Uingereza ilikuwa na mgawo wa sukari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, ukaisha Septemba 1953, na ulaji wa sukari ukapanda karibu maradufu kwa muda mfupi. Watafiti walilinganisha waliotungwa mimba muda mfupi kabla na baada ya tarehe hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: waliopitia siku zao 1,000 za kwanza chini ya mgawo walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya 2 pungufu kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu pungufu kwa asilimia 20, wakiwa watu wazima wa makamo na wazee. Mgawo wenyewe haukuwa wa njaa. Ulikaribia kiasi kinachopendekezwa leo.

Kopo la mililita 330 la soda ya kawaida lina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai 8 au 9. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetumia kalori 900 kwa siku angefikia kikomo cha asilimia 5 ya kalori kutoka kwenye sukari kwa gramu 11 tu. Juisi, hata ile ya matunda matupu, imeachwa bila nyuzinyuzi na hupita tumboni kabla shibe haijatoa taarifa. Kabla ya mwaka mmoja isitolewe kabisa. Baadaye, kama ni lazima, isizidi mililita 120 kwa siku, kwenye kikombe, pamoja na chakula. Tunda zima ni bora. Na kwenye lebo za vyakula vya watoto sukari hujificha kwa majina ya sharubati ya mahindi, asali, glukosi, maltosi na juisi iliyokolezwa.

Hatua ya sita: mwaka wa pili, hamu ya kula inapopungua

Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa karibu mara tatu. Mwaka wa pili huongezeka kilo 2.5 hivi tu. Hamu ya kula lazima ishuke, na wazazi wasiolijua hili huanza kumfukuza mtoto nyumba nzima na sahani, kisha biskuti, kisha chochote atakachokubali. Gawana naye kazi: wewe uamue chakula gani, saa ngapi na wapi, yeye aamue kama atakula na kiasi gani. Leo atakula kama mtu mzima, kesho vijiko vitatu. Ukipiga hesabu ya wiki nzima, hujisawazisha.

Peremende zisiwe zawadi, na kunyimwa chakula kusiwe adhabu. Mkubaliane na kila anayemlea, awe bibi, babu, dada wa kazi au mlezi wa kituoni, kwa sentensi moja ambayo haimvunjii mtu heshima: tunampa, hatumlazimishi, na vitamu bado. Babu na bibi wengi wamewahi kuona watoto wakifa kwa utapiamlo. Unene kwao ulikuwa dalili ya uzima, na hofu yao ina sababu. Waonyeshe kadi ya kliniki, mjadala utakuwa mfupi.

Usingizi na michezo navyo vina sehemu yake. Kwa siku nzima, usiku na mchana, mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14. Televisheni na simu hazipendekezwi kabla ya miaka 2. Anayetembea awe na jumla ya saa 3 za kujongea kwa siku, na kwa umri huo kumwachia nafasi kunatosha.

Hatua ya saba: kuisoma kadi ya ukuaji

Mistari iliyomo kwenye kadi nyingi hutokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotengenezwa kwa kuwafuatilia watoto karibu 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa. Nukta moja haisemi mengi. Kinachosema ni mwelekeo.

Chukua mtoto wa kike aliyezaliwa na kilo 3.2, yaani kwenye mstari wa katikati. Akiwa na miezi 4 ana kilo 7.3, wakati mstari wa katikati unapita kwenye 6.4; ameshapanda hadi mstari wa +1, yaani wa kwanza juu ya ule wa katikati. Akiwa na miezi 6 ana kilo 9.3, yuko kwenye +2. Hakuna siku aliyoonekana mgonjwa, na kila mtu alimsifu. Lakini amevuka mistari miwili katika nusu mwaka, na kupanda kwa kasi hivyo katika miezi ya mwanzo ni miongoni mwa dalili za mapema za hatari ya unene baadaye. Hapo ndipo pa kuuliza kuhusu vipimo vya maziwa, idadi ya chupa, chupa za usiku na chakula kilichowahi mno. Akiwa ananyonya tu ziwa, kwa kawaida hakuna cha kupunguza, fuatilieni tu.

Kwa aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wakati, kupanda kuna maana nyingine, kwa sababu anahitaji kufidia. Asipunguziwe chakula na asishindiliwe. Afuatwe na mtaalamu.

Usiridhike na uzito kwa umri pekee. Omba apimwe urefu pia na aangaliwe kwenye chati ya uzito kwa urefu. Mtoto mfupi aliyedumaa anaweza kuonekana wa kawaida kwenye uzito kwa umri ilhali ni mnene kwa kimo chake. Kwa walio chini ya miaka 5, kuvuka +2 kwenye chati hiyo ni uzito uliozidi, na kuvuka +3 ni unene uliopitiliza. Kati ya +1 na +2 ni eneo la kuangalia kwa karibu. Baada ya mwaka wa kwanza mtoto wa kawaida hurefuka na kuonekana mwembamba hadi miaka 5 au 6, ndipo mwili huanza kujaza tena. Anayeanza kujaza mapema, akiwa na miaka 3 au 4, anahitaji uangalizi.

Akiwa tayari amezidi

Usimweke kwenye mlo wa kupunguza uzito. Lengo kwa mtoto mdogo ni uzito upunguze kasi huku urefu ukiendelea, ili kimo kiukute uzito. Ondoa vinywaji vitamu kwanza, maana hapo pekee kalori nyingi hutoka bila mtoto kukaa na njaa. Kisha chupa ya usiku kwa aliyevuka mwaka. Kisha vitafunwa vya pakiti. Badilisha chakula cha nyumba nzima badala ya sahani yake peke yake, na usitaje uzito wake mbele yake wala kumpa jina la utani la unene.

Mpeleke kwa daktari bila kuchelewa kama amevuka +3, kama ni mnene na urefu wake umesimama, kama ana njaa isiyokwisha tangu uchanga na anatafuta chakula usiku, kama anakoroma na kukata pumzi usingizini, au kama ngozi ya shingo na kwapa imekuwa nyeusi na nzito. Nenda na kadi zote za uzito tangu kuzaliwa, na karatasi yenye orodha ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu mfululizo, maziwa ya usiku yakiwemo.